Walimfuta bibi yangu mikunjo ya uso

Nilipeleka filamu yangu fupi kwenye studio moja ya Kampala ili isahihishwe rangi na kuondolewa chenga, yaani vile vidoadoa vinavyotapakaa kwenye picha iliyopigwa gizani, na tangu siku niliyokabidhiwa kazi ile sijatulia rohoni. Onyesho lenye mgogoro tulilipiga usiku huko Busia, nyumbani kwa bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyeigiza, akiwa ameketi kando ya koroboi, ile ambayo Waganda huiita tadooba. Hatukuwa na fedha za kukodi taa, kwa hiyo nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, nikijua fika kwamba vivuli vitajaa chenga.

Kosa hilo ni langu na nililikiri mapema. Kinachoniuma ni jinsi walivyoziondoa. Fundi alianza kwa kuyang'arisha maeneo ya giza, jambo lililozidisha chenga, kisha akazilainisha ndani ya kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, peke yake kana kwamba anapiga pasi shuka. Bibi alikuwa ametulia tuli. Chenga hubadilika kutoka fremu hadi fremu ilhali uso uliotulia haubadiliki, kwa hiyo kulinganisha fremu zinazofuatana kungezipunguza bila kuugusa uso wake. Hakujishughulisha. Mikunjo ya pembeni mwa macho ikatoweka, shavu likawa kama nta, na ukuta wa udongo nyuma yake ukaota mistari ya ngazingazi, kwa sababu picha ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na zile chenga ndizo zilizokuwa zikiificha mistari hiyo.

Nilipokwenda kumweleza, hakuitikia salamu wala hakuvua hedfoni. "Kamera yenu ni ya kupigia harusi, mlitaka nifanye miujiza?" alisema huku akiendelea kubofya. Fedha niliyomlipa ilichangwa na ukoo mzima!

Nilikuwa nimenuia kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage pale. Lakini kusema kweli, maonyesho ya mchana aliyashika vizuri mno: barabara yetu ya vumbi ilikuwa imeingia rangi ya samawati kwa sababu sikuipanga kamera kulingana na mwanga wa jua, naye akairudishia wekundu wake, na ngozi za waigizaji zilizokuwa kama majivu zikapata uhai. Kwa kazi ya namna hiyo ningewashauri wenzangu waende. Ningewashauri, nasema, kisha nafungua tena lile onyesho la usiku, namwona bibi amekuwa kama mwanasesere, na ushauri wenyewe unanikwama kooni. Hapana, msiende, au mkienda, kaeni naye bega kwa bega mpaka amalize.

Salio nimelipa na diski nimekwisha kuichukua. Onyesho la koroboi nitalirudisha kama lilivyotoka kwenye kamera, pamoja na chenga zake zote.