Nyundo au saini: Waluditi na Wachartisti wa Uingereza

Waluditi, mafundi wa nguo waliovunja mashine za viwanda, walianza Nottinghamshire mwaka 1811. Hawakuvunja ovyo: walilenga mashine za waajiri waliokata ujira, za wengine wakaziacha. Kule Yorkshire walibeba nyundo nzito waliyoiita Enoch, jina la mhunzi aliyeunda mashine zenyewe. Baadhi ya waajiri wa Nottingham walipandisha ujira upesi. Lakini mwaka 1812 Bunge likafanya uvunjaji huo kosa la kunyongwa, na viapo vya siri havikuzuia wasaliti.

Wachartisti, vuguvugu la wafanyakazi waliotaka haki za kisiasa kwa maombi yenye saini, kuanzia 1838 walidai mambo sita, kura ya siri ikiwemo. Ombi la 1842 lilibeba saini zaidi ya milioni 3, Bunge likalikataa. Hata hivyo, njia yao ndiyo iliyodumu: madai matano baadaye yakawa sheria, isipokuwa uchaguzi wa kila mwaka.