Barafu kavu ilivyosafisha tanuri letu la mikate Nakuru

Nasimamia kiwanda kidogo cha mikate hapa Nakuru. Kwa miaka mingi ukoko wa unga na mafuta kwenye mnyororo wa tanuri ulininyima usingizi. Tuliukwangua kwa brashi ya waya, tukaumwagia maji moto. Maji yakaingia kwenye mota, mota ikaungua. Niliposikia habari za barafu kavu sikusita.

Barafu hii si ya maji. Ni kaboni dioksaidi iliyogandishwa, baridi yake nyuzi 78 chini ya sifuri. Kompresa hurusha punje zake kwa kasi, ukoko unakakamaa na kupasuka, nayo punje inageuka gesi papo hapo. Hakuna tope, hakuna mchanga wa kuzoa. Unafagia uchafu wako tu.

Kampuni ya kwanza ilinivunja moyo. Walikuja na barafu kutoka Nairobi kwenye sanduku la povu, imelala siku mbili. Kifuniko kilipofunguliwa niliona mabonge yaliyoshikana, na chini yake unga mweupe. Mpira wa kupitishia punje ulikuwa ukiziba kila mara, na kilichotoka kilipapasa ukoko tu. Nikalipa, tanuri likabaki chafu.

Wa pili walileta mtungi wa kaboni dioksaidi iliyo kimiminika na mashine ya kutengenezea punje. Kimiminika hicho kikiachiliwa ndani ya mashine kinakuwa theluji, kisha pistoni inaisukuma theluji ipite kwenye bamba lenye matundu, kama mashine ya tambi. Zikatoka punje za milimita 3, ngumu, zikilia kwenye ndoo kama mchele mkavu. Zilimiminwa kwenye mashine ya kurushia zikiwa bado mpya. Fundi alipopitisha mara moja tu, nikasoma namba zilizochongwa kwenye mnyororo, namba ambazo sikuwahi kuziona tangu tununue tanuri lile! Saa 3 zikatosha, na usiku huohuo tukaoka.

Kwa hiyo ukiipigia simu kampuni yoyote ya kazi hii, kabla ya bei uliza barafu imetengenezwa lini na wapi.

Kelele ni kubwa mno, vaa vizibo vya masikio. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kufukuza hewa ya kupumua. Fundi alikataa kuanza mpaka milango yote ifunguliwe, na akamzuia kijana wetu kuingia kwenye shimo lililo chini ya tanuri hadi kipima hewa chake kiruhusu. Kwa hilo pekee ningewaita tena.