Chati ya nguzo za pembeni pembeni kwenye CRM, uzoefu wangu

Niseme mapema mimi ni mtu wa mauzo, sio IT. Tunauza matenki ya maji na pampu, matawi manne, Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya, na wateja wote tunawaingiza kwenye CRM, yaani programu ya kutunza taarifa za wateja na mauzo, ya kulipia (jina naliacha, sitaki ugomvi na watu). Kila Jumatatu bosi anataka kuona kila tawi limeshinda dili ngapi na limepoteza ngapi, chati moja, nguzo zikae pembeni pembeni, sio zibebane.

Siku ya kwanza nilihangaika mpaka chai ikapoa. Kitufe cha chati kipo lakini kimefifia, hakibonyezeki, nikarifreshi, nikabadili brauza, nikalaumu bando, kumbe ripoti ikiwa ni orodha tu isiyo na makundi haichori kitu. Unaigrupu kwanza kwa tawi, unapata nguzo moja moja, halafu unaongeza kundi la pili ambalo ni hali ya dili (tumeshinda au tumepoteza), ndo zinagawanyika kwa rangi. Na ukikosea mpangilio, ukaanza na hali ndo ukaja tawi, unapata chati nyingine kabisa, Dar inashindanishwa na Mwanza wakati bosi anauliza ndani ya Dar yenyewe kukoje. Kundi la kwanza linakaa mstari wa chini, la pili linapewa rangi. Basi, ni hivyo tu, ila hilo nimelijua kwa kukosea mara tatu.

Kitu kingine, usipoigusa inahesabu idadi ya dili, haijumlishi hela. Yaani mama aliyechukua tenki moja la lita 1,000 na shule iliyochukua kumi wanalingana. Nilivyobadili kuwa jumla ya shilingi, Mbeya niliyokuwa naiona imelala ikapanda juu ya Arusha, nikarudi kuangalia mara mbili.

Sasa aibu yetu wenyewe. Sehemu ya tawi ilikuwa ya kuandika kwa mkono, kila mtu na lake, kwa hiyo chati ikaja na nguzo za Dar, DSM, Dar es Salaam, na nyingine haina jina, kistari tu. Matawi manne yamezaa tisa! Nikakaa siku mbili nasafisha moja moja, ndo yule kijana wa sistimu akaigeuza iwe orodha ya kuchagua. Hapo siilaumu programu, imechora ilichopewa.

Robo mwaka nayo angalieni. Yenyewe inaanza Januari, sisi hesabu zetu zinaanza Julai, kwa hiyo robo ya kwanza yangu na ya mhasibu zikapishana na kikao kikawa kirefu bure. Kuna sehemu ya kubadili kwenye setingi ila mpaka uwe admini.

Ninachokipenda, ukibonyeza nguzo unafunguliwa dili zilizomo, hakuna kubishana. Naipa programu nyota tatu na nusu. Hiyo nusu nyingine ingekuwepo kama rangi zingetoka vizuri kwenye printa yetu ya nyeusi na nyeupe, kijani na nyekundu zote zinakuwa kijivu, bosi Jumatatu iliyopita alipongeza nguzo ya dili tulizopoteza.