TAHADHARI: "Sineki ya dhahabu" yenye patenti inayouzwa hapa Mwanza, msitume hela

Wapendwa wa Mwanza, Sengerema, mpaka Bunda na Musoma huko, naomba msome hii hata kama ni ndefu, maana kuna watu wanatuma hela leo hii ninavyoandika.

Kuna jamaa yuko kwenye magrupu ya watsap ya maua anauza sineki planti fupi, ile inayokaa kama kiota, katikati kijani na pembeni mstari mpana wa njano. Ni nzuri kweli, nilivyoiona kwenye video nikaipenda hapohapo. Anasema ni aina mpya kabisa, kaizalisha mwenyewe kwa miaka sita, ana patenti, yaani hati ya serikali ya kumiliki ugunduzi, na hakuna mtu Afrika Mashariki anaruhusiwa kuizalisha bila leseni yake. Mche mmoja 12,000, kuanzia miche 40, halafu leseni 250,000, halafu mnasainishana mkataba kwamba vipandikizi vyote atavinunua yeye kwa 6,000 kila kimoja avipeleke Uholanzi.

Mimi nina kitalu Pasiansi mwaka wa nane huu, sio mgeni wa maua, lakini nilipiga hesabu nikapofuka. Alinifundisha mwenyewe kwa voisi: kata majani sita kila mche, kila jani vipande viwili, chomeka kwenye mchanga wa ziwani uliooshwa, subiri. Miche 40 inakupa vipande 480, mara 6,000 ni milioni mbili laki nane na themanini elfu. Nikakopa kikoba, nikatuma 730,000 kwa simu, nikanunua na neti ya kivuli. Vipande karibu 170 vilioza kipindi cha mvua, vilivyobaki vikashika mizizi na kuanzia mwezi wa nne vikaanza kutoa vichipukizi. Vyote kijani. Yaani vyote, hakuna hata kimoja chenye uzi wa njano.

Nikampigia, akaniambia nimekosea mbolea, ninunue yake ya 85,000. Nikanunua jamani. Kijani vilevile. Ndio akanitumia skrinshoti ya mkataba, kipengele ambacho nilikisoma na sikukielewa: atanunua tu "vipandikizi vyenye rangi kamili ya mmea mama". Kwahiyo kosa langu, mkataba nimeuvunja mimi, na siku mbili baadae kanibloku.

Sasa hapa ndio naomba mnielewe vizuri maana wizi wote umejificha hapa. Sineki yenye ukingo wa njano ina tishu, yaani nyama za jani, za aina mbili zimekaa pamoja kwenye jani moja, ile ya njano haina ukijani wake na ile ya ndani inao. Ukikata jani ukalichomeka, kichipukizi kipya kinatokea kwenye tishu za ndani, kinatoka kijani mtupu. Mbolea haiwezi kubadilisha hilo, hata umwagie asali. Njia ya kubaki na njano ni kugawa mmea kwenye shina la chini, unachukua kichipukizi kilichotoka na mzizi wake, na mche mmoja kwa mwaka unakupa vichache tu vya kuhesabu vidoleni. Hii ni habari ya zamani kwa watu wa maua duniani, ile sineki ndefu ya ukingo wa njano tuliyozoea, Laurentii, inafanya hivyohivyo. Mtu anayejiita mzalishaji wa aina mpya hawezi kuwa hajui. Alinifundisha kukata majani makusudi, kwa sababu alijua vitatoka kijani na hatanunua hata kimoja!

Na wala sio aina mpya. Nilimpelekea mche mzee mmoja aliyetunza bustani za Capri Point miaka na miaka, akacheka, akasema hii nimeipanda tangu miaka ya tisini. Nikaanza kusoma usiku. Hii fupi ya kiota inaitwa Hahnii, ilionekana kwenye kitalu kimoja New Orleans, Marekani, mwaka 1939, ilijitokeza yenyewe katikati ya sineki ndefu, ikapewa patenti huko mwaka 1941. Patenti za Marekani wakati ule zilidumu miaka 17, siku hizi ni 20 tangu siku ya kuomba. Hiyo yenye njano ni mtoto wake tu, wanaiita Golden Hahnii, na nayo ni ya miongo mingi. Hata kama patenti ya Marekani ingekuwa hai inalinda Marekani, haivuki kuja kukukamata Nyakato.

Cheti chake nacho. Kina nembo, kina muhuri, kinatisha. Kijana wa dada yangu anayesoma sheria alikiangalia dakika moja akaniambia mama mdogo, hiki ni cheti cha kusajili jina la biashara. Jina tu! Hata ukiuza vitumbua unakipata. Hapa kwetu sheria ya patenti haisajili aina za mimea kabisa. Aina mpya ya mmea ina sheria yake, ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, na msajili wake yuko Wizara ya Kilimo. Ili upewe haki mmea lazima uwe mpya, utofautiane na zote zinazojulikana, miche yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na ukizalishwa ubaki vilevile. Huu wa kwake ukizalishwa kwa njia anayofundisha unageuka, sasa angepitaje? Na upya wenyewe, kama mmea umeuzwa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuombewa haki, sio mpya tena kisheria.

Kilichoniuma kuliko hela yangu ni mama mmoja wa Igoma, mjane, ana vyungu viwili vya huo mmea barazani, alivinunua kabla mume wake hajafariki. Huyu jamaa alipita kule, akaviona, akampiga picha, akamwambia anamiliki mmea wa mtu bila kibali na atashtakiwa, alipe faini 100,000 yaishe. Mama wa watu akalipa kwa hela ya ada ya mtoto. Hakuna mtu binafsi wa kukutoza faini barazani kwako jamani, mwenye haki halali anakwenda mahakamani. Na akikuachia risiti ya daftari la dukani jua ni huyohuyo.

Hilo soko la Uholanzi nalo, alisema atasafirisha na vyungu vyenye udongo. Ulaya hawaruhusu udongo kutoka nchi kama yetu uingie na mmea, na huku kwetu mmea hautoki bila cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Mwombeni awaonyeshe hata kimoja cha mzigo uliopita. Mimi nilimwomba akasema viko shambani Sengerema. Tukaenda watatu, tukavuka daraja la Busisi, tukazunguka kutwa kwenye kijiji alichotaja, wenyeji wakatuonyesha mihogo na mahindi, hakuna aliyewahi kuona kitalu.

Mliokwisha nunua msikate majani tena. Subirini vichipukizi vya chini, vikifika nusu ya mama yake mvitenganishe kwa kisu safi, kidonda kikauke siku mbili tatu kivulini ndio mpande, maji kidogo sana. Hivyo vitabaki na njano na mnaweza kuviuza kama maua ya kawaida, hamhitaji leseni ya mtu. Vya kijani navyo ni maua, mimi nauza 2,500.

Jina na namba yake siandiki hapa, tumeviandika kwenye maelezo tunayopeleka polisi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunaenda polisi, tuko wanne mpaka sasa na mama wa Igoma yumo. Kama ulilipa usifute meseji za miamala wala voisi zake, mkataba hata kama umechanika uje nao.