Soka la Olimpiki au Kombe la Dunia la U-20: kipi kinambana kocha zaidi?

Tangu 1992 soka la wanaume kwenye Olimpiki ni la chini ya miaka 23, na tangu 1996 kila timu inaruhusiwa wakubwa watatu, yaani wachezaji waliozidi umri huo. U-20, ya vijana wa chini ya miaka 20, haina ruhusa hiyo.

Kinachobana hasa ni kikosi. Paris 2024 kocha alisajili wachezaji 18, makipa wawili wakiwemo, pamoja na wanne wa akiba wa kuziba nafasi za majeruhi. Waliofika fainali walicheza mechi sita kuanzia Julai 24 hadi Agosti 9, na katika tano za mwanzo mapumziko yalikuwa siku mbili tu. Beki wa pembeni akichanika msuli wa paja mechi ya pili, mipango yote inavurugika. Kwa hiyo nafasi za wakubwa zisiende kwa majina: kwanza beki wa kati, kisha kiungo mkabaji anayeweza pia kucheza nyuma. Tena klabu hazilazimiki kumwachia mchezaji; Mbappé wa Ufaransa alikosa Olimpiki ya kwao.

U-20 nayo klabu zinaweza kukataa, lakini kikosi ni cha wachezaji 21, makipa watatu. Timu ni 24, na nne bora kati ya zinazoshika nafasi ya tatu zinavuka, hivyo kupoteza mechi ya kwanza si mwisho. Paris 2024 wa tatu alifungasha.

Kwa Kenya na Tanzania, zilizocheza AFCON U-20 ya 2025, njia ya U-20 ni fupi zaidi: ukifika nusu fainali ya AFCON hiyo umefuzu Kombe la Dunia. Wanaume Los Angeles 2028 watakuwa timu 12 tu, kutoka 16.