Kliniki ya ngozi Mwanza iliyomgundulia mdogo wangu lupasi, naipa nyota nne

Jina nampa atakayekuja inbox, isije ikaonekana nimelipwa. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mgonjwa ni mdogo wangu, anaanika na kuuza dagaa, kutwa yupo juani na jua la ziwani mnalijua, likishakupiga utosini linagonga maji linakurudia usoni. Alikuwa na madoa ya duara shavuni na sikioni, pembeni meusi tii katikati peupe na magamba yamegandia, kichwani napo nywele zimenyonyoka. Duka la dawa wakasema fangasi wakampa tyubu, anapaka inatulia akiacha inarudi.

Hapa daktari hakukimbilia kuandika krimu. Kachungulia masikio, mdomo, kapekua nywele, kauliza viungo vinauma? mkojo una povu? unavuta sigara? maana sigara inapunguza nguvu ya dawa. Kisha ganzi, wakakata kinyama kidogo cha ngozi kwenda maabara, na damu na mkojo kuangalia figo kwa sababu lupasi ya ngozi kwa wengine inaingia mpaka ndani. Jibu ni ile ya diskoidi, yaani ya madoa ya duara kwenye ngozi, figo safi.

Dawa ni krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) ya kwenye madoa tu na vidonge vya haidroksiklorokwini, ukoo mmoja na ile klorokwini ya malaria iliyokuwa inatuwasha mwili mzima kabla serikali haijaachana nayo 2001 (hii haijamwasha, mshukuruni Mungu). Wakampima uzito kwanza, dozi haitakiwi kuzidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na wakamtuma akapime macho kwa kuwa ikitumika miaka mingi inaweza kuharibu jicho kwa ndani. Wakasema wazi kabisa itachukua mwezi na nusu hadi mitatu kuonesha kazi, na palipokwisha kuwa kovu nywele hazioti tena. Limemuuma ila bora kaambiwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu benchi la kusubiria lipo barazani upande wa magharibi, alasiri jua linawachoma wagonjwa walewale wanaoambiwa wakwepe jua, jamani hata turubai? Majibu ya kinyama nayo yalichelewa, ukipiga simu ni bado bado tu. Losheni ya kukinga jua ya SPF 50 bei imechangamka, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu ndo vinabeba kazi kubwa.

Mkienda wahini asubuhi, na mbebe tyubu zote mlizowahi kupaka, daktari anazisoma moja moja, ile ya kwetu ya fangasi kumbe ilikuwa na steroidi ndani, ndo maana ilikuwa inatulia kwa muda.