Ndege za mbao za fundi wa Ngamiani, Tanga: nne nilizoagiza na maoni yangu

Wanaoulizia wapi Tanga unaweza kuchongewa ndege ya mbao ya maana, nendeni Ngamiani kwenye zile barabara za namba, kuna karakana ndogo ya fundi seremala ambae kazi yake hasa ni makabati na vitanda ila ukimpelekea picha anakuchongea ndege, meli, jahazi, chochote. Jina lake siliweki hapa maana sijamuomba ruhusa, we ukifika ulizia mzee anaechonga ndege, watoto wa mtaa watakupeleka mpaka mlangoni. Mi nafundisha historia sekondari na nimeagiza kwake ndege nne za Vita Kuu ya Pili, zote ni zile zilizoanguka au kutua kwa dharura kwenye nchi ambazo hazikuwa na upande vitani, tatu za Ireland na moja ya Uswisi. Nasema mapema kabisa kwamba kazi yake ni nzuri, tena nzuri sana, na pesa niliyotoa hainiumi hata kidogo.

Kwanini hizo na sio ndege za kwenye mapambano makubwa? Kwasababu wanafunzi wangu wanamjua Hitler, wanajua babu zao walipelekwa Burma, ila kichwani mwao dunia nzima ilikuwa na pande mbili tu. Sasa ndege ikiishiwa mafuta au ikipotea mawinguni haichagui mpaka, inashuka ilipofikia, na kama imeshuka kwa mtu asiyepigana ndo mambo yanaanza. Mkataba wa The Hague wa 1907 unasema nchi isiyo na upande ikipokea wanajeshi wa wanaopigana inatakiwa iwazuie, mbali na vita. Yaani rubani anakuwa sio mateka na wala sio mtu huru. Hilo jambo nikiliandika ubaoni ni sentensi moja wanainakili wanaendelea na maisha, ila ukiwawekea ndege yenyewe mezani wanaanza kuuliza wenyewe.

Ya kwanza ni Condor ya Wajerumani, Focke-Wulf Fw 200, ile iliyogonga mlima Brandon kule Kerry, Ireland, tarehe 20 Agosti 1940. Ukungu ulikuwa umefunika mlima, ndege kubwa ya injini nne ikajibamiza kwenye mgongo wa mlima, na watu wote sita wakatoka hai. Fundi ameichonga kwa mabaki ya mtiki wa Longuza na mabawa kwa paini ya Lushoto ili isiwe nzito, viungo huvioni kabisa, msasa umepita mpaka ukipitisha kidole unadhani ni mfupa. Mapanga ya propela amekata bati la kopo. Hapa ndo alinifurahisha, maana alipoleta mara ya kwanza mapanga yote yalikuwa yamenyooka vizuri kama ndege ya dukani, nikamueleza kwamba injini ikiwa inazunguka wakati ndege inagonga chini mapanga yanapinda yote, ila ikiwa imezimika lile panga la juu linabaki limenyooka, ndo maana wachunguzi wa ajali wakifika kitu cha mwanzo wanaangalia propela. Akanyamaza kidogo akasema "mwalimu, basi hii ilikuwa inazunguka", akachukua plaisi akayapinda moja moja palepale, yote kwa kuelekea nyuma. Fundi anaeelewa kwanini anapinda bati ni tofauti na fundi anaepinda kwasababu umemwambia.

Lakini ukiniuliza ipi ni bora kuliko zote ntakwambia Messerschmitt Bf 110, hiyo ya Uswisi, na hapa niacheni niongee kwa kirefu. Usiku wa kuamkia 28 Aprili 1944 ndege hii ya kuwinda usiku ilikuwa inafukuzana na ndege za mabomu za Waingereza, injini moja ikapigwa, mataa ya kumulika angani yakawapofua, wakajikuta wametua uwanja wa Dübendorf karibu na Zürich. Ndani kulikuwa na vitu viwili ambavyo Wajerumani hawakutaka vifike kwa Waingereza hata kwa dawa: rada mpya ya kuwindia usiku, ile yenye antena zinazochomoza puani kama pembe za paa, na mizinga miwili iliyofungwa mgongoni ikitazama juu. Mizinga hiyo kazi yake ilikuwa kwamba ndege inanyata chini ya tumbo la ndege ya mabomu, mahali ambapo mpiga bunduki wa adui haoni, alafu inafyatua kwenda juu. Sasa Uswisi ikafanyaje? Ikakaa mezani na Wajerumani wakakubaliana: Uswisi iuziwe ndege za kivita 12 aina ya Bf 109, na ile yenye siri ichomwe moto hapohapo uwanjani. Ikachomwa Mei 1944. Na hizo 12 walizouziwa injini zake zilikuja kuwasumbua kwa ubovu.

Fundi antena amezitengeneza kwa spoku za baiskeli, kazikata, kazilainisha ncha kwa tupa, kazipanga puani kwa kipimo sawa kabisa, na mizinga ya mgongoni ni vipande vya mrija wa antena ya redio ya zamani. Nilipoiingiza darasani binti mmoja wa kidato cha tatu akaigeuza, akaiweka juu ya kiganja, akauliza kwanini bunduki zinaangalia juu wakati maadui wako mbele. Sikujibu, nikachukua B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani ntakayoieleza chini, nikaishika juu yake. Darasa zima likaelewa kwa mara moja, kelele zilizotoka hapo mwalimu wa jirani alikuja kuchungulia. Kwa hiyo moja tu mi ningelipa hata mara mbili.

Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, nayo nzuri ila hapa nina malalamiko. Hii ni ile ya Bud Wolfe, Mmarekani aliyekuwa anarukia jeshi la anga la Uingereza kabla nchi yake haijaingia vitani. 30 Novemba 1941 injini ilichemka akiwa juu ya Donegal, Ireland, akaruka na parachuti, ndege ikazama kwenye kinamasi. Akapelekwa kambi ya Curragh, na hiyo kambi nayo ni habari ya pekee maana Wajerumani walikuwa upande mmoja na marubani wa Uingereza na wenzao upande mwingine, kambi moja ya Waairishi, na ukisaini ahadi kwamba hutoroki unaruhusiwa kutoka kwenda mjini kula na kunywa alafu unarudi. Wolfe tarehe 13 Desemba akatoka akaenda zake mpaka Belfast, upande uliokuwa chini ya Uingereza, kujiunga na wenzake, na Waingereza wenyewe ndo wakamrudisha kambini! Ahadi ilikuwa na uzito kiasi hicho, maana wakivunja wao Ireland nayo inabadilisha msimamo na hasara inakuwa kwa wote. Mwaka 2011 wakaichimbua ile Spitfire, bunduki zikatoka sita, matope ya kule hayapitishi hewa kwahiyo chuma hakikuliwa sana na kutu, moja wakaisafisha wakaijaribu ikafyatua baada ya karibu miaka 70. Sasa ndege yenye habari nzito hivi fundi kaipiga vanishi inang'aa mpaka unajiona uso, ndege ya vita haing'ai hivyo, na zile duara za jeshi la Uingereza kwenye mabawa moja imekuwa kubwa kuliko mwenzake. Nilimwambia, duara amerekebisha, vanishi alisema ikishakauka akiikwangua ataharibu rangi ya chini. Nimeipokea hivyohivyo ila mwenye kuagiza aseme mwanzoni kwamba anataka rangi isiyong'aa.

Ya nne ni B-17 ya Wamarekani, ile ndege ya mabomu niliyoitaja, na hii nilitaka iwekwe kwenye ubao wenye mandhari yake. Tarehe 7 Aprili 1943 ilikuwa inatoka Morocco kwenda Uingereza, ikapotea, ikatua kwenye tope la kando ya mji wa Clonakilty kusini mwa Ireland, watu kumi na tumbili wao waliyemuita Tojo. Tumbili akafia pale Clonakilty, wakamzika kwa heshima, na mji ule una sanamu yake. Wanafunzi hiyo ya tumbili hawaisahau na mi sijali wakianzia hapo, mradi wanafika kwenye swali la kwanini Wamarekani wale hawakufungwa Curragh kama Wajerumani. Kadiri vita ilivyoenda Ireland ilizidi kuwaachia wa upande wa Uingereza na Marekani waende, na ikawazuia Wajerumani, huku ikisema bado haina upande. Huo ndo mjadala mi nautaka darasani.

Ubao wenyewe ameupaka kijani, pembeni ameandika EIRE kwa vijiwe vyeupe vya matumbawe alivyookota ufukweni Raskazone, na hili kwangu ndo lenye thamani kuliko hata ndege. Waairishi walikuwa na vituo vya walinzi 83 kwenye pwani yao na karibu navyo waliandika jina la nchi ardhini kwa mawe yaliyopakwa chokaa, makubwa yanaonekana kutoka angani, rubani ajue yuko wapi asije akadondosha mabomu, baadae wakaongeza na namba ya kituo ikawa msaada wa kutafutia njia. Mwaka 2018 moto uliunguza majani kilimani Bray Head na maandishi yakajitokeza tena. Fundi alipanga mawe madogo madogo moja moja, alafu akauliza namba ipi aweke, nikamwambia 8, ya Bray, japo ndege yetu ilitua mbali na hapo. Tumbili tu ndo alimchonga mkubwa anamfikia rubani kifuani, akamchonga upya bila kunidai.

Bei: ndege moja elfu 60, yenye ubao laki moja na ishirini, nusu unatanguliza. Kwa mtiki na masaa anayotumia sio ghali, nimeona za plastiki za kuagiza nje ukijumlisha na usafiri zinapita hapo, na mtoto akiidondosha mara moja umebaki na vipande. Muda hazingatii sana, akikuambia wiki hesabu na zaidi, msimu wa harusi ndo usimsogelee kabisa maana vitanda vinamjaa. Simu hapokei akiwa kwenye randa, nenda mwenyewe. Kufungasha ni udhaifu mkubwa, anafunga na gazeti na kamba basi. Mwalimu mwenzangu wa Bagamoyo aliagiza Bf 110 kama yangu ikatumwa kwa basi, antena mbili zikafika zimeng'oka. Ukisafirisha nunua boksi gumu na magodoro chakavu ujaze mwenyewe.

Nimeshampelekea picha ya nyingine, ya kwetu sasa, Henri Farman ya Waingereza iliyopigwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915 wakati inaelekeza mizinga ya meli zao Severn na Mersey kwenye Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa wanashuka kwenda mtoni na bado Arnold anatuma ishara za kurekebisha shabaha, wakaokolewa na mashua. Mzee kaiangalia picha muda mrefu, kasema zile waya za katikati ya mabawa atatumia mshipi wa kuvulia samaki.

Ukienda kwake na ndege iliyoanguka mwambie mapema unataka propela zilizopinda na upande gani, asipoambiwa anakunyooshea zote.